Karafuu ya Dada Khadija

Mwanamke akija kwako akakwambia tumbo lamuuma, usilikimbilie tumbo. Mpe kiti kwanza, funga mlango, muulize habari za mama yake na za watoto wa jirani. Ukiona anaviringa ncha ya leso kidoleni na macho yake hayatoki mlangoni, basi tumbo lake ni zima kuliko langu. Kilichomleta kiko chini ya hapo, na haoni njia ya kukitaja mbele ya mtu aliyevaa sare.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza uuguzi sasa, hasa mtakaopangiwa chumba cha akina mama. Mimi nimestaafu, magoti yalianza kulalamika kabla ya mwajiri wangu. Nilifanya kazi katika zahanati za pwani hii yetu, Kuruwitu, kisha Tezo, na mwisho nikarudishwa Takaungu nilikozaliwa, mahali ambapo nusu ya wagonjwa walinijua tangu nikikimbia uchi. Wanaonifahamu watawaambia nina ulimi mkali. Ni kweli, na sina nia ya kuunoa upya kwa ajili ya karatasi hii.

Aliyenifunza kazi ni Sista Kadzo, pale Tezo. Alikuwa Mgiriama mnene, mpole wa sauti, na hakupenda haraka. Yeye ndiye aliyenifundisha kukipasha moto kile chombo cha kuangalizia ukeni kwa maji ya vuguvugu kabla hakijamgusa mtu, kwa sababu chuma baridi humfanya mwanamke ajikaze na akishajikaza utamuumiza. Alinifundisha pia kutokunja uso. “Anausoma uso wako kabla hujafungua mdomo,” aliniambia. “Ukikunja pua, hatarudi, na ugonjwa wake atakwenda nao nyumbani.”

Lakini somo lake kubwa lilikuwa swali. Mimi nilikuwa nikiuliza kama nilivyofundishwa chuoni, unaumwa nini, tangu lini. Sista Kadzo akanivuta kando.

“Muulize ametia nini.”

“Ametia nini wapi, Sista?”

“We muulize tu, dada. Utasikia.”

Nikauliza, na nikasikia. Ndimu. Maji ya chumvi. Majani ya mwarobaini yaliyochemshwa. Sabuni ya kufulia ya mche. Mama mmoja alitia dawa ya meno, kwa maelezo kwamba kinywani inaburudisha vizuri. Kwa huyo ilinibidi nitoke nje, nikajifanya natafuta glovu, nikacheka mpaka nikashika ukuta. Niliporudi ndani uso wangu ulikuwa mkavu kama wa kadhi. Chekeni mkitaka, wanangu, lakini chekeni nje. Ndani kuna mtu anayeungua.

Wakati ule fangasi za ukeni hazikututoa jasho. Unaona utoko mweupe mzito, ngozi imewiva, mgonjwa hatulii kitini, unampa kidonge au cha kuweka, unamwambia asijisafishe kwa ndani, na mara nyingi humuoni tena kwa shida hiyo. Baadaye mambo yakageuka. Wanawake wale wale wakaanza kurudi. Ukimuuliza, amenunua kidonge dukani, kikamtuliza, muwasho ukarudi, akanunua kingine, na hakuna aliyemwangalia hata mara moja kujua ni fangasi gani. Ziko fangasi ambazo kile kidonge cha kawaida hakiziwezi tangu asili, na ziko nyingine zinazopigwa nusunusu mpaka zikakizoea. Mgonjwa hajui tofauti. Anachojua ni kwamba dawa imemkataa.

Hapo ndipo mafuta yalipoingia. Sizungumzii mafuta ya nazi. Nazungumzia vile vichupa vidogo vyeusi vya mafuta makali yaliyokamuliwa kwenye mimea, karafuu, mkaratusi, mrehani, mdalasini, vinavyouzwa Malindi na Mtwapa na hata mlangoni kwako ukiagiza kwa simu. Mtu amechoka kuwashwa, anafungua simu, anamkuta mwanamke mwenye ngozi nyororo anamwambia tone moja tu litamaliza kazi. Atakataaje? Na sisi wa pwani karafuu si mgeni kwetu. Tumeitia kwenye jino, kwenye chai na kwenye pilau, na bibi harusi hanukii kama bibi harusi bila ya karafuu.

Sasa hapo kwa bibi harusi ndipo nilipotaka kufika, na naona uzito, kwa sababu nitamtaja dada yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mama yetu alikuwa somo. Kwa wale mliokuja pwani kwa kazi na hamjui, somo ni mwanamke anayemfunda bibi harusi. Humsinga mwili kwa liwa na msio, yale manukato ya kusagwa, humfukiza udi, humweleza mambo ya ndani ya ndoa yasiyosemwa ukumbini. Usiku wa harusi hukaa karibu, na asubuhi yeye ndiye anayekwenda kwa mama wa bwana harusi kumpa habari kwamba mtoto wa watu ameingia nyumbani kwake na heshima yake. Neno lake siku hiyo halipingwi. Mama alipofariki, kazi ile ilimwendea Khadija, dada yangu mkubwa. Mimi niliifuata sare nyeupe. Tulikuwa tukitaniana kwamba wanawake wa Takaungu hawatuponyoki, asiyepitia mkononi mwa mmoja atapitia kwa mwengine.

Saumu alipitia kwa wote wawili.

Alikuwa msichana wa hapo hapo Takaungu, ameolewa si zamani na Athumani, mpishi katika hoteli moja ya Malindi anayerudi nyumbani siku za mapumziko. Alikuwa akikaa na mama mkwe wake, Bi Fatuma. Alipokuja zahanati alisema, bila shaka mmeshajua, kwamba tumbo lamuuma. Nilifunga mlango, nikamuuliza habari za mama yake. Akaanza kulia.

“Bi Zena, wamenirudisha kwetu.”

“Nani kakurudisha?”

“Mama mkwe. Asema nikapumzike.”

Wanangu, mke mpya hapumzishwi kwao na sanduku lake lote. Nikamlaza, nikapasha chombo changu moto, na nilipotazama nilishukuru mafunzo ya Sista Kadzo, kwa sababu uso wangu ulitaka kunisaliti. Muwasho wa fangasi naujua. Huu haukuwa muwasho peke yake. Ngozi ilikuwa imechubuka, nyekundu, kama iliyomwagikiwa na maji moto.

“Umetia nini, mwanangu?”

Akauma ncha ya leso.

“Sikuulizi kwa ubaya. Nataka nijue cha kukutibu.”

“Mafuta ya karafuu. Somo alinipa.”

“Somo yupi?”

Akageuza uso ukutani. “Dada yako.”

Nilimaliza kumwangalia, nikamfunika, nikaketi. Akanieleza yote. Muwasho ulianza baada ya harusi. Alinunua kidonge, ukatulia, ukarudi, akanunua tena, na tena, mpaka akaona aibu kwa muuza dawa. Akamwendea somo wake, kwa maana bibi harusi hamfichi somo. Khadija akampa kichupa, akamwambia atie kwenye pamba aiweke ndani. Mara ya kwanza alipata raha, akadhani amepona. Hilo mlijue: karafuu hutia ganzi, ndiyo maana hunyamazisha jino. Muwasho ulinyamaza kwa ganzi na fangasi zikabaki palepale. Ganzi ikiisha anaongeza, mpaka ngozi ikachunika. Akawa hawezi kukaribiwa na mumewe, na hawezi kumwambia sababu. Bi Fatuma akaona utoko kwenye nguo, akaona kijana wake anakataliwa chumbani, akaunganisha mwenyewe. Mtoto huyu, akasema, kaleta ugonjwa wa wanaume wa nje. Talaka ilikuwa haijaandikwa, lakini Saumu alijua Athumani akirudi kutoka Malindi safari ile, itaandikwa.

Nilichukua sampuli nikaipeleka mwenyewe maabara ya mjini Kilifi, kwa Bwana Mutua, Mkamba mmoja mwembamba anayependa fangasi zake kama wengine wanavyopenda kuku. Nilimpelekea na kile kichupa cha karafuu, alichoniachia Saumu, ajue mgonjwa ametumia nini. Sukari ya Saumu tuliipima, haikuwa na tatizo. Magonjwa ya zinaa, hakuna. Mutua akaziotesha zile fangasi kwenye kisahani, akazijaribu kwa dawa, na siku aliponiita alikuwa na uso wa mtu aliyeshinda bahati nasibu.

“Sista, hii imekataa ile tembe ya kawaida kabisa. Ungempatia mwaka mzima, ingekuwa bure. Lakini kuja uone hii ingine.”

Alikuwa amejaribu na tone la karafuu. Kisahani kilikuwa kimejaa ukungu mweupe kila mahali, isipokuwa pale katikati palipotiwa tone. Palikuwa safi, duara tupu.

Nitawaambia nilichohisi. Nilifurahi. Nilisema moyoni, dada yangu hakukosea, mama yetu hakukosea, tuliyoyajua sisi ni ya kweli. Nikamwambia Mutua basi dawa si hii hapa? Akatikisa kichwa polepole.

“Hiyo ni sahani, Sista. Sahani haina ngozi. Haisikii uchungu, na haina bwana ya kumngojea nyumbani. Ya kuua fangasi naona. Ya kuua fangasi na isichome mama, hiyo mtu hajanionyesha. Watu wanaitafuta. Wacha waitafute.”

Sijasikia mtu akilieleza jambo hili vizuri kuliko hivyo, na nimekaa kwenye semina nyingi za chai na mandazi. Mkisikia mafuta fulani yameua fangasi sugu, ulizeni: yameziua wapi, kwenye sahani au kwa mtu? Kwa kipimo gani, na huyo mtu alibaki vipi? Si kwamba ni uongo. Ni kwamba kazi haijaisha, na mgonjwa wako si mahali pa kuimalizia.

Siri ya mgonjwa ni yake. Nilimuuliza Saumu kama aniruhusu niseme na wakubwa, akasema, “Sema na yeyote, Bi Zena, ila niokoe.” Nikaenda kwanza kwa Bi Fatuma. Nilimweleza kwamba fangasi si zinaa, kwamba huwapata hata wasichana ambao hawajaguswa, kwamba nimepima na nimeona. Alinisikiliza kwa adabu, akanikaribisha kahawa, kisha akasema, “Wewe nesi, kazi yako ni kuwatetea. Hata angekuwa mbaya ungeniambia hivi hivi.” Nikaondoka na maarifa yangu yote kwapani.

Nikaenda kwa dada.

Nilimkuta uani anakuna nazi. Sikumzungusha. Nilimwambia Saumu ameungua kwa karafuu yake. Khadija hakunitazama, mbuzi ikazidi kulia.

“Mama alitumia karafuu maisha yake yote. Hakuungua mtu.”

“Mama alitumia karafuu kavu, dada. Alizitwanga na msio na marashi, akapaka mgongoni na mikononi. Hakumpa mtu mafuta ya chupa aweke ndani.”

“Karafuu ni karafuu.”

“Karafuu ngapi zaingia kwenye kichupa kile?”

Aliigeuza nazi mkononi. Hakujua, na mimi sikujua hesabu yake, lakini tulijua sote wawili kwamba kapu zima la karafuu limefinywa mle. Kosa lake lilikuwa hapo, na si la mjinga. Alichukua kipimo cha mkono wa mama yetu akakipeleka kwenye kitu ambacho mama yetu hakuwahi kukishika.

“Leta chupa,” nikamwambia. “Paka kidogo ndani ya mdomo wako wa chini. Kisha ngoja.”

Aliniangalia kwa lile jicho alilokuwa akinitazama nalo nilipokuwa mdogo nikamvunjia vikombe. Lakini alipaka. Akangoja. Mwanzo ganzi, akaniinulia nyusi kama aliyeshinda. Kisha machozi yakaanza kumtoka, akainuka kutafuta maji, na maji hayakumsaidia.

“Huo ni mdomo, dada,” nikasema. “Na ni mara moja.”

Alijikandamiza leso mdomoni. Alipoiondoa hakurudi kwenye habari ya karafuu. Aliuliza, “Mtoto yuko wapi?”

“Kwao. Wamemrudisha. Wasema kaleta ugonjwa wa wanaume.”

Dada yangu aliiacha nazi nusu kwenye mbuzi, akaingia ndani, akatoka amevaa buibui.

Athumani alikuwa amefika kutoka Malindi siku hiyo. Tulimkuta ameketi barazani na mama yake. Khadija alikataa kiti. Bi Fatuma akamwanza yeye.

“Bi Khadija, asubuhi ya harusi ulikuja hapa hapa ukaniapia. Nikakutunza, nikakuvika leso. Leo waja kuniapia nini tena?”

“Siku ile nilikuapia kwa niliyoyaona kwa macho yangu, na neno langu liko palepale. Leo naapa kwa nililotenda kwa mkono wangu. Mtoto alikuwa na muwasho kama wanawake wengine. Akaja kwangu nimtibu. Mimi ndimi niliyemuunguza.”

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, na naomba mfahamu alichokuwa akikitupa. Somo hana cheti. Ana jina tu. Nani atamwita somo aliyeunguza bibi harusi? Alilijua hilo alipokuwa akifunga buibui, na alitembea njia nzima akilijua.

Athumani aliweka kikombe chini. “Basi mbona hakuniambia mimi? Mimi ni mumewe. Ningempeleka hospitali siku ile ile.”

Mimi nilifungua mdomo nijibu, kama kawaida yangu. Khadija akanitangulia.

“Hakukwambia kwa sababu mimi nilimfunza asikwambie. Nilimwambia mume asijue harufu yako wala maumivu yako, akukute tayari siku zote. Alinitii, mwanangu. Kosa lake ni kunitii.”

Bi Fatuma alilia. Sikutarajia. Alilia kama mtu anayekumbuka jambo lake mwenyewe la zamani, na hakuna aliyemuuliza ni lipi.

Athumani alikwenda kwa kina Saumu jioni hiyo, na Saumu, nampenda kwa hili, hakutoka mbio na sanduku. Alimwambia atarudi akipona. Daktari niliyempelekea mjini Kilifi alianza kwa kuacha kidonda kipone, maji safi tu, bila sabuni wala tone la chochote. Kisha akampa dawa nyingine ya kuweka, inayoziweza fangasi za aina ile, akaitumia kwa muda mrefu na hakuikatiza hata alipojisikia nafuu. Mutua alipima tena, hakikuota kitu. Alisikitika kidogo, nadhani. Saumu akarudi kwake, na Athumani alikuja kumchukua mwenyewe.

Na dada yangu akaacha kuitwa. Harusi zikapita mtaani, tukisikia ngoma, na hakuna aliyebisha hodi mlangoni kwake. Wakaletwa masomo wengine kutoka Malindi na Mombasa. Hakulalamika. Nilimkuta siku moja anapangusa vumbi kwenye jiwe lake la kusagia liwa, nikaona haya, kwa sababu mimi nilikuwa nimesema kweli nikabaki na mshahara wangu, na yeye alisema kweli akabaki na jiwe. Nilitaka kumwambia hivyo. Sikuweza, mimi mwenye ulimi wangu.

Kisha mdogo wake Saumu, Mwanamisi, akachumbiwa. Wazee wa nyumba wakatafuta somo mbali. Saumu akawaendea, akasema mdogo wake hafundwi na mtu mwengine ila Bi Khadija. Shangazi yake mmoja akamuuliza kama amesahau alivyounguzwa. Saumu akajibu kwamba hajasahau hata kidogo, na ndiyo maana.

Siku ya kumsinga, Khadija aliniambia nije. Nimeingia vyumba vingi vya mabibi harusi kama mdogo wa somo, nikabeba chetezo cha udi na kukaa kimya. Msio ulikuwa tayari, karafuu kavu alizozitwanga mwenyewe, na kile kichupa hakikuwepo. Alimpaka Mwanamisi mgongo, mikono, shingo, polepole kama mama alivyokuwa akifanya. Akafika kwenye maneno ambayo sisi sote mle ndani tulifundwa nayo. Akasimamisha mkono.

“Huko chini ni maji tu, mwanangu. Si udi, si mafuta, hata akikwambia nani. Na ukiwashwa au ukiumwa, mwambie mumeo. Mama yangu hakunifunza hivi, nimejifunza ukubwani. Mwambie mumeo, kisha nenda zahanati ukapimwe. Kwangu uje mwisho, tuzungumze.”

Wanawake wakatazamana. Dada yangu akanigeukia, na mikono yake imejaa msio, mbele yao wote. Maisha yake yote alikuwa akiniita Zena.

“Nimesema sawasawa, nesi?”

Kabla sijafungua mdomo, Saumu alikuwa ameshapiga kigelegele.